Tairi laini, tairi kipara: msamiati wa kuchagua matairi ya njia kavu na njia yenye maji

Sentensi fupi kama "Mvua ikinyesha, tumia tairi laini" inaweza kumwokoa dereva au kumwangamiza, kutegemea jinsi anavyolielewa neno laini. Akilielewa kuwa ni tairi lenye mpira usio mgumu, ushauri ni mzuri, kwa sababu mpira wa aina hiyo hushika vizuri zaidi njia iliyopozwa na mvua. Akilielewa kuwa ni tairi lenye uso usio na mifereji, ushauri ni wa hatari, kwa sababu tairi hilo halina pa kuyapitishia maji na gari litaelea. Kisarufi sentensi haina kosa lolote. Kosa limo katika uteuzi wa neno, na mfasiri ndiye anayeweza kulizuia.

Makala haya yanaeleza msamiati unaohitajika katika kuzungumzia uchaguzi wa matairi, hasa pale njia inapokuwa kavu wakati mmoja na yenye maji wakati mwingine. Matini zinazohusika ni nyingi: miongozo ya magari, matangazo ya mashindano, masomo ya udereva, na maelezo ya siku ambazo wenye magari binafsi huruhusiwa kuendesha kwa kasi katika njia ya mbio iliyofungwa. Mifano kadhaa imewekwa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu, Tanzania. Hakuna njia ya mbio ya lami huko, lakini kuna kitu kimfaacho mwanafunzi wa lugha: ardhi ambayo mvua moja huigeuza kabisa, na wasemaji wanaolazimika kuitofautisha kwa maneno.

1. Tairi, gurudumu, ringi, mpira, tyubu

Tairi (wingi matairi) ni sehemu ya mpira inayozunguka nje ya gurudumu na kugusa njia. Neno limetokana na Kiingereza. Katika mazungumzo husikika upatanisho wa aina mbili: "tairi hii imepasuka" na "tairi hili limepasuka". Kwa maandishi rasmi hapa unapendekezwa upatanisho wa li-/ya-: tairi hili, matairi haya. Jambo la msingi zaidi ni kutochanganya aina hizo mbili ndani ya matini moja.

Gurudumu (wingi magurudumu) ni chombo kizima kinachozunguka: chuma pamoja na tairi lake. Gari likiwa na magurudumu manne, mtu anaweza kubadilisha matairi yote na magurudumu yakabaki yale yale. Ringi, ambayo wengine huiita rimu, ni sehemu ya chuma au aloi ambayo tairi huvalishwa. Tofauti hii ina uzito katika matini za mbio, kwa sababu dereva wa njia ya mbio mara nyingi hubeba seti mbili za magurudumu kamili, moja ikiwa na matairi ya njia kavu na nyingine ya njia yenye maji, ili kubadilisha kuchukue dakika chache. Mfasiri akiandika kwamba dereva alibeba "matairi manane", msomaji atadhani kila badiliko lilihitaji kuvua na kuvalisha matairi upya.

Mpira (wingi mipira) una maana pana. Ni maada yenyewe, ni mti au mtambaa unaotoa utomvu wake, ni kitu cha kuchezea, na kwa waendesha baiskeli wengi ni ile mifuko ya ndani inayojazwa upepo. Kwa hiyo "mpira umetoboka" kwa fundi baiskeli ni tyubu, na kwa kocha ni kitu kingine. Katika maandishi ya kiufundi itumike tyubu kwa mfuko wa ndani, tairi kwa sehemu ya nje, na mpira kwa maada tu. Tairi lisilohitaji mfuko wa ndani huitwa tyubulesi, au tairi lisilo na tyubu.

Historia fupi inasaidia kueleza kwa nini maneno haya yamegawanyika hivyo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo huko Belfast, alitengeneza tairi la kujazwa upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Neno mpira lilikuwepo katika Kiswahili kabla ya chombo hicho kuenea Afrika Mashariki, na utomvu wa mpira ulikuwa tayari bidhaa ya biashara. Chombo kipya kilipowasili, maada iliendelea kuitwa mpira, na umbo jipya likapewa jina la mkopo.

2. Uso wa tairi: kashata, mifereji, kipara

Sehemu ya tairi inayogusa njia huitwa uso wa tairi. Juu yake kuna vipande vilivyoinuka na nafasi kati ya vipande hivyo. Mafundi na madereva wengi wa Tanzania huviita vipande hivyo kashata, neno lile lile la kitafunwa cha nazi au karanga kinachokatwa vipande. "Tairi hili bado lina kashata" maana yake halijalika. "Tairi la kashata", bila kivumishi kingine, mara nyingi ni tairi lenye vipande vikubwa vilivyoachana, la kupita njia za tope. Katika maandishi rasmi zaidi nafasi zilizo kati ya vipande zinaweza kuitwa mifereji, na jina hilo lina faida ya kueleza kazi yake: kupitisha maji.

Tairi kipara ni tairi lililokuwa na kashata zikaisha kwa kusuguliwa. Sitiari ni wazi: kichwa kilikuwa na nywele, zikatoka. Ndani ya neno hilo kuna wazo la kupoteza. Kwa sababu hiyo si sahihi kuliita kipara lile tairi la mbio ambalo hutoka kiwandani likiwa na uso mtupu. Tairi la mbio za njia kavu hutengenezwa bila mifereji kwa makusudi, ili mpira mwingi iwezekanavyo uguse lami. Mpira wake ni mpya, umechanganywa ili ushike kwa nguvu, na unafanya kazi vizuri unapopata joto. Tairi kipara ni mpira uliochakaa, umekuwa mwembamba, mara nyingi umekakamaa kwa umri, na unaweza kupasuka.

Uso wa matairi hayo mawili unafanana kwa macho, na ndiyo maana tafsiri zimekuwa zikiyachanganya. Madhara hayakai kwenye ukurasa tu. Kijana anayesoma kwamba madereva wa mbio hutumia "matairi vipara" kwa sababu yanashika barabara vizuri amepewa sababu ya kutobadilisha tairi la pikipiki yake. Istilahi inayopendekezwa hapa ni tairi la uso mtupu kwa lile la mbio, na tairi kipara kwa lile lililokwisha. Kati ya hayo mawili kuna tairi lenye mifereji michache, ambalo huruhusiwa barabarani katika nchi kadhaa na hupendwa na watu wanaoendesha gari lao hadi kwenye njia ya mbio na kurudi nalo nyumbani. Hilo liitwe tairi la mifereji haba.

Matairi ya magari madogo huwekewa vinundu vidogo ndani ya mifereji, vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukilika hadi kulingana na vinundu hivyo, tairi limefika mwisho wake. Kipimo hicho ndicho kiwango cha chini cha kisheria katika nchi nyingi za Ulaya. Kwa hiyo tairi linaweza kuwa limekwisha huku jicho bado likiona mistari. Neno kipara halifai kwa hali hiyo. Lifaalo ni tairi lililofika kikomo.

3. Laini: neno moja, maana tatu

Kivumishi laini hakina kiambishi cha upatanisho, na hilo huongeza utata wake. Kwa uchache kina maana tatu zinazokutana katika somo hili.

(a) Kisichokwaruza kwa mguso: meza laini, kitambaa laini. Kwa maana hii tairi laini ni tairi lisilo na mifereji.

(b) Kinachobonyea, kisicho kigumu: godoro laini, mkate laini. Kwa maana hii tairi laini ni tairi lenye mpira unaobonyea na kung'ang'ania njia. Fundi pia anaweza kulitumia kwa tairi lenye upepo kidogo.

(c) Chenye chembe ndogo sana: unga laini, vumbi laini. Hapa kinachoelezwa ni njia, si tairi.

Maana ya kwanza na ya pili zinapingana kabisa mvua inaponyesha. Tairi bora la njia yenye maji lina mpira laini kwa maana (b) na uso wenye mifereji mirefu, yaani si laini kwa maana (a). Hivyo neno moja linataja sifa inayotakiwa na sifa inayoua. Suluhisho ni kutoliacha neno laini likae peke yake baada ya tairi, bali kulipa nomino ya kulishikilia:

Si: Walibadilisha wakaweka matairi laini.
Bali: Walibadilisha wakaweka matairi yenye mpira laini na mifereji mirefu.
Au: Walibadilisha wakaweka matairi ya uso mtupu.

Kinyume chake, -gumu, nacho kina mtego. Tairi gumu linaweza kuwa lenye mpira mgumu, lenye upepo mwingi, au linalompa fundi shida kulivalisha. Tumia mpira mgumu, upepo mwingi, au gumu kuvalishwa, kadiri maana inavyotaka.

Maana zote za laini zinaweza kukutana katika habari moja, na mbio za Safari Rally ni mfano mzuri. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka, yaani karibu na mvua za masika, na ugumu wake ulitokana na njia kugeuka kutoka vumbi hadi tope ndani ya safari moja. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404. Baada ya mwaka 2002 mbio hizo zilitoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia, zikarejea mwaka 2021 zikiwa na makao Naivasha, Kenya, na mwaka 2024 zikarudishwa Pasaka. Katika njia za udongo namna hiyo, madereva hawachagui kati ya uso mtupu na uso wa mifereji, kwa kuwa matairi yote yana kashata. Huchagua kati ya mpira mgumu unaostahimili mawe na joto, na mpira laini unaoshika udongo uliolowa. Mwandishi akisema "vumbi laini liliwafanya waache tairi laini", msomaji asiyejua mbio hataambulia kitu. "Vumbi la ungaunga liliwafanya waache matairi ya mpira laini" inaeleweka mara moja.

4. La kati: mtego mwingine

Katika mbio za Formula 1, matairi ya njia kavu huwa na alama za rangi ubavuni: nyeupe kwa mpira mgumu, njano kwa ugumu wa kati, nyekundu kwa mpira laini. Haya yote yana uso mtupu. Kuna mengine mawili yenye mifereji: la alama ya kijani, kwa njia yenye unyevu au maji machache, na la alama ya bluu, kwa njia yenye maji mengi. Kampuni ya Pirelli, inayoyatengeneza, hueleza kwamba kila tairi la bluu huweza kuondoa lita 85 za maji kwa sekunde gari likiwa katika kasi ya kilomita 300 kwa saa, na la kijani lita 30.

Mtangazaji akiita tairi la njano "tairi la kati", na la kijani pia "tairi la kati" kwa kuwa liko kati ya kavu na maji mengi, msikilizaji hawezi kujua kama gari limevalishwa tairi la jua au la manyunyu. Inafaa kuandika tairi lenye ugumu wa kati kwa la njano, na tairi la njia nyevu kwa la kijani. La bluu ni tairi la maji mengi.

5. Mvua, masika, unyevu, maji, tope

Tairi la mvua ni istilahi fupi, inasikika katika matangazo ya michezo, na haina ubaya ikiwa muktadha uko wazi. Tairi la masika lina tatizo. Masika ni majira, na tairi la mbio halichaguliwi kwa majira bali kwa kiasi cha maji yaliyopo njiani saa ile. Katikati ya masika njia inaweza kukauka kabla ya saa sita, na tairi la maji mengi likitumika juu ya lami kavu hupata joto kupita kiasi na kulika kwa mizunguko michache. Kinyume chake kipo kwa wasomaji walioko Ulaya na Amerika Kaskazini: huko kuna tairi la majira ya baridi, nalo ni la majira kweli, kwa sababu mpira wake umetengenezwa usikakamae katika baridi, hata kama hakuna theluji. Kuliita tairi la theluji ni kuficha sababu ya kuwepo kwake.

Kiswahili kina ngazi nyingi za majimaji, na mfasiri hana sababu ya kuzibana zote katika neno moja:

Njia nyevu: ina unyevu unaoonekana au kuhisiwa, lakini maji hayatiririki.
Njia iliyolowa: uso wote umeshika maji, tairi linaacha alama.
Njia yenye maji: maji yamesimama au yanatiririka, mifereji ya tairi ina kazi.
Njia yenye madimbwi: maji yamekusanyika mahali mahali, hatari ni ya ghafla.
Njia chepechepe: ardhi yenyewe imenyonya maji na inabonyea.
Njia yenye tope: udongo na maji vimekuwa kitu kimoja kinachonata au kuteleza.

Ngazi nne za mwanzo zaweza kutumika kwa lami. Mbili za mwisho ni za udongo, na zikitumiwa kwa njia ya mbio ya lami zinampotosha msomaji.

6. Mbuga: somo kutoka Itilima

Mgeni anayetoka pwani akisikia mbuga hufikiria uwanda wa nyasi au hifadhi ya wanyama. Katika Kiswahili cha Usukumani, na katika Kisukuma chenyewe, mbuga ni pia aina ya udongo: ule mweusi wa mfinyanzi unaopatikana mabondeni. Wataalamu wa udongo walilichukua neno hilo katika maandishi yao kuhusu Afrika Mashariki kwa maana hiyo hiyo. Udongo wa kichangani wa sehemu za juu huitwa luseni.

Tabia ya mbuga inaeleza kwa nini "kavu" na "yenye maji" havitoshi. Wakati wa kiangazi udongo huo hukauka, ukapasuka nyufa na kuwa mgumu kiasi kwamba tairi lolote hupita. Mvua ikinyesha huvimba, hunata, na hujaa katika nafasi za kashata. Kashata zikiwa ndogo na zimekaribiana, baada ya mizunguko michache uso wa tairi huwa tope tupu: tairi jipya linafanya kazi kama kipara. Ndiyo sababu mwendesha pikipiki wa huko huhitaji kashata kubwa zilizoachana, zinazojisafisha kadiri tairi linavyozunguka. Tairi hilo hilo likipanda lami hutetemeka, hulika haraka, na hugusa njia kwa eneo dogo.

Kwa mfasiri, maana yake ni hii. Mwongozo wa njia ya mbio unaposema tairi la njia yenye maji, unazungumzia maji juu ya sakafu ngumu. Ukifasiriwa kwa msomaji wa Lagangabilili kuwa "tairi la wakati wa mvua", atafikiria tairi la kashata kubwa, yaani tairi la tope. Ni vyombo viwili tofauti. Tairi la maji mengi lina mifereji iliyounganishwa ili maji yatoke pembeni. Tairi la tope lina vipande vinavyochimba. Tofauti hiyo itajwe wazi: tairi la lami yenye maji, tairi la njia ya tope.

Kiswahili kina neno katambuga (wingi makatambuga), ndara zinazotengenezwa kwa matairi yaliyokwisha. Kwa umbo lake linasomeka kata + mbuga, kiatu cha kukatiza mbuga. Tairi lililoshindwa na barabara linaendelea kuvaliwa miguuni, na uchaguzi wa uso wake unabaki na maana ile ile: mvaaji huangalia kama bado lina kashata.

7. Upepo

Hewa iliyomo ndani ya tairi huitwa upepo. Kujaza upepo, kupima upepo, kupunguza upepo ni semi za kawaida na zinafaa hata katika maandishi rasmi. Shinikizo la hewa linafaa katika somo la fizikia, lakini likiwekwa katika mwongozo wa dereva humfanya msomaji asimame bila sababu.

Utata hutokea pale miongozo inapotofautisha kipimo cha tairi lililopoa na kipimo cha tairi lililotembea. Tafsiri ya neno kwa neno huzaa "upepo baridi" na "upepo moto", na kwa Kiswahili hizo ni hali za hewa. Andika: upepo unaopimwa kabla ya gari kutembea, na upepo unaopimwa mara gari linaposimama. Tofauti si ndogo. Hewa ikipata joto hutanuka, na kipimo huongezeka kwa takriban psi 1 kwa kila nyongeza ya nyuzi 6 za Selsiasi. Katika njia ya mbio tairi hupata joto kubwa, ndiyo maana madereva hupima tena kila watokapo na kupunguza kilichozidi.

Agizo "punguza upepo" ndilo linalohitaji uangalifu kuliko yote. Katika mchanga wa luseni au tope, kupunguza upepo hutanua eneo la tairi linalogusa ardhi na kulisaidia lisizame. Juu ya lami yenye maji mengi, upepo pungufu huleta hatari: tairi hubonyea katikati, hushindwa kuyasukuma maji, na huanza kuelea katika kasi ndogo zaidi. Sentensi "kukiwa na majimaji, punguza upepo" ni kweli katika njia moja na si kweli katika nyingine. Ikifasiriwa bila kutaja aina ya njia, haifai kuchapishwa.

8. Vitenzi vya kupoteza mshiko

Uwezo wa tairi kung'ang'ania njia huitwa mshiko. Tairi hushika njia. Mshiko ukipotea, vitenzi hutofautiana:

Kuteleza: kupoteza mshiko kwa sababu uso ni wa utelezi. "Pikipiki iliteleza kwenye tope."
Kuserereka: kusogea umbali fulani bila kudhibitiwa. "Gari liliserereka mita kadhaa baada ya breki."
Kuelea: kubebwa na maji, tairi likiwa haligusi lami. Hapa usukani huwa mwepesi ghafla.
Kuzunguka bure: gurudumu linazunguka lakini chombo hakisogei.
Kukwama: kushindwa kuendelea, hasa katika tope au mchanga.
Kuyumba: kwenda upande huu na huu, mshiko ukiwa haujapotea wote.

Mfasiri anayetumia kuteleza kwa hali zote humnyima dereva maelekezo. Anayeelea hapaswi kukanyaga breki kwa nguvu. Huondoa mguu taratibu kwenye pedali ya mafuta na kunyoosha usukani. Anayezunguka bure katika tope hasaidiwi na ushauri huo.

9. Siku ya njia ya mbio

Katika nchi zenye viwanja vya mbio za magari, kama Kyalami huko Afrika Kusini, kuna siku ambazo watu hulipia kuendesha magari yao binafsi ndani ya njia iliyofungwa. Hakuna mshindi wala nafasi za kugombewa. Kuiita siku ya mashindano si sahihi, na kuiita siku ya uwanja humpeleka msomaji kwenye riadha au kandanda. Hapa inapendekezwa siku ya njia ya mbio, na katika kutajwa mara ya kwanza maelezo mafupi yaongezwe: siku ya kuendesha gari binafsi katika njia ya mbio, bila mashindano.

10. Maandishi ya ubavuni

Maandishi 195/65 R15 91H husomwa hivi: upana wa tairi ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani takriban milimita 127, R huonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, ringi ina kipenyo cha inchi 15, 91 ni namba ya mzigo, sawa na kilo 615 kwa tairi moja, H ni kikomo cha kasi, kilomita 210 kwa saa. Tarakimu nne za mwisho katika msimbo unaoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Kwa anayenunua tairi mtumba tarakimu hizo ni muhimu kuliko sura ya kashata, kwa kuwa mpira hukakamaa kwa umri hata usipotumika. Maandishi hayo hayafasiriwi. Hunakiliwa yalivyo, kisha huelezwa.

Muhtasari wa matumizi

Badala ya tairi laini: tairi la uso mtupu, au tairi lenye mpira laini.
Badala ya kipara kwa tairi jipya la mbio: tairi la uso mtupu.
Badala ya tairi la kati: tairi lenye ugumu wa kati, au tairi la njia nyevu.
Badala ya tairi la masika: tairi la maji mengi, tairi la lami yenye maji, au tairi la njia ya tope.
Badala ya upepo baridi: upepo unaopimwa kabla ya gari kutembea.
Badala ya siku ya mashindano: siku ya njia ya mbio.

Zoezi kwa darasa

Wanafunzi waisahihishe sentensi hii: "Njia ikiwa na majimaji, weka tairi laini na upunguze upepo." Kabla ya kuandika jibu, waulizwe maswali matatu: njia ni ya lami au ya udongo? Laini ni uso au ni mpira? Upepo unapunguzwa kutoka kipimo gani, cha kabla ya kutembea au cha baada? Sentensi sahihi zitakuwa zaidi ya moja, na hazitafanana. Moja yao inaweza kuwa: "Lami ikiwa na maji mengi, weka matairi yenye mpira laini na mifereji mirefu, wala usipunguze upepo chini ya kipimo kilichoelekezwa kabla ya gari kutembea."

Tazama pia: gurudumu, kashata, katambuga, kipara, laini, mbuga, mpira, serereka, upepo, utelezi.